Sura Ipi Ilikuwa ya Mwisho

Mnisamehe kwanza mwandiko. Kwa zaidi ya miaka kumi nimeandika maneno mafupi tu, tena kwa brashi, migongoni mwa vitabu vya watu: BIBLIA, JIOGRAFIA, MIKUTANO YA USHIRIKA. Ndiyo maana herufi zangu ni kubwa na zinasimama mbalimbali kama watu wasiosalimiana. Makosa ya tahajia yapo mengi. Nimeishia darasa la saba, na ukurasa mmoja hunichukua jioni nzima. Mkikwama mahali, someni kwa sauti, mtanipata.

Mwalimu wenu wa Kiswahili ndiye aliyeniomba. Alinikuta nashusha viazi jikoni mwa shule yenu hapa Ilomba, mpishi akamwambia kwamba zamani nilikuwa fundi wa kujalidi vitabu. Akasema niandike kidogo kuhusu kazi hiyo kwa ajili ya gazeti lenu la ukutani. Nilikubali kwa sababu kukataa kunahitaji maneno mengi zaidi, na mimi mbele ya watu maneno hunipotea. Kwenye karatasi ni afadhali. Kwenye karatasi naweza hata kuwaambia ninavyowaona.

Nimestaafu kabla ya kufika miaka thelathini. Msicheke. Mikono ndiyo iliyostaafu, mimi nikaifuata. Gundi ilinichubua vidole, ngozi ikapasuka kwenye maungio, mwishowe kila karatasi niliyoshika niliiachia damu. Hakuna mteja anayetaka Biblia yenye damu ya fundi. Nikatoka Iringa, nikaja Mbeya kwa dada yangu, nikaingia kwenye viazi. Viazi havinidai chochote ila mgongo.

Sasa nisikilizeni. Ninaposhusha magunia huwa nawasikia pale nyuma ya jiko mkikariri. Mmoja anashika karatasi ya notisi, wengine mnaitika kama mpo kanisani. "Dhamira ya kwanza!" "Umaskini!" "Dhamira ya pili!" "Nafasi ya mwanamke katika jamii!" "Mbinu!" "Mbinu rejeshi!" Mnauliza dhamira kama mtu anayeuliza bei ya nyanya, na mkishajibiwa mnaondoka bila kuzigusa nyanya zenyewe. Nilidhani ni kitabu chochote tu, mpaka siku moja nikamsikia mvulana mmoja, yule mwenye sauti ya tarumbeta, akisema, "Tupokigwe anawakilisha wanawake wanaonyanyaswa." Gunia likaniteleza. Tupokigwe namfahamu. Nimemshona kwa mikono yangu. Lakini huyo mnayemsema nyinyi simfahamu kabisa.

Nitawaambia nilivyomjua.

Kazi nilijifunzia Iringa mjini, chumba cha nyuma cha duka la vitambaa la Mama Jamila, mama wa Kihindi aliyetuuzia uzi na kutugombeza kwa harufu ya gundi. Aliyenifundisha alikuwa Fundi Kikoti, Mhehe mrefu, miwani yake imefungwa kwa uzi uleule wa kushonea vitabu. Hakuwa mtu wa maelezo. Gundi tulichemsha wenyewe kwa unga wa ngano, na kuniambia imeiva alichovya vidole viwili, akavitenganisha, ikavutika kama mlenda. Basi. Hilo ndilo somo. Karatasi nayo ina nyuzi kama ubao, zinalala upande mmoja. Chana kipande: kikichanika moja kwa moja umefuata nyuzi, kikienda kombo umezikata. Lazima nyuzi zisimame sambamba na mgongo wa kitabu, la sivyo kitajikunja kama chapati baridi. Hili mimi niliambiwa baada ya kuharibu, kama mengine yote. Kitabu changu cha kwanza kilikuwa cha nyimbo za kanisa, nikakivisha jalada juu chini. Fundi Kikoti akakigeuza, akakigeuza tena, akasema, "Simoni, mwenye kitabu ataimba akining'inia kama popo?"

Mjue sasa jambo alilojivunia kuliko yote. Vitabu vilivyotoka viwandani siku nyingine vilikuja na kurasa zilizochanganyika: sehemu ya nne imeingia kabla ya pili, au nyimbo za Pasaka zimekaa katikati ya Krismasi. Kikoti aliziona mapema, akazipanga upya bila kuombwa. Kwa hilo alijulikana mjini kote. Alisema mtu wa kupaka gundi tu hajawa fundi, fundi ni yule anayekirudisha kitabu kwenye mstari. Na kwa nyimbo za Pasaka alikuwa na haki.

Kisha akaja Rehema.

Rehema alitoka Idodi, huko njia ya mbugani, alipokuwa anapika kwenye mgahawa wa barabarani. Alikuwa anajisomea mwenyewe ili afanye mtihani wa kidato cha sita, bila shule, bila mwalimu, na mtihani ulikuwa umekaribia. Alileta riwaya imefungwa kwa kipande cha kitenge. Jalada halipo, kurasa za mwanzo na za mwisho zenye jina la kiwanda hazipo, gundi imekufa yote, kila karatasi imesimama peke yake. Aliachiwa na mwalimu mmoja aliyehamishwa, na nakala nyingine alikuwa ameitafuta mpaka amechoka.

"Kamwene, fundi," alisema. "Nimeisoma nusu. Nikifungua inamwagika kama mchele. Wiki ijayo nikija sokoni naichukua."

"Kamwene, binti. Wiki ijayo hutaijua," alijibu Kikoti.

Kweli hakuijua.

Riwaya yenyewe ni hivi, kwa wale wenu mnaoijua kwa notisi. Mwanamke, huyo Tupokigwe, anafika kwenye mashine ya kusaga asubuhi, na debe lake la mahindi, anauliza nani wa mwisho kwenye foleni. Anakaa. Kitabu kizima ni asubuhi hiyo moja. Lakini amekaa hapo, na kichwa hakikai. Sura ya pili tu, watu wanakuja kutoka Makongolosi wamebeba gambuti za mumewe Anganile, viatu vyake vya mpira vya mgodini, shimo la dhahabu limemfukia. Sura inayofuata tuko kwenye foleni tena. Mara ni harusi. Mara yeye ni mtoto, anachunga mbuzi. Mara mashine. Sura hazina namba wala jina, kila moja inaanza ukurasa wake wa kulia, na hakuna anayekuambia umefika wapi.

Fundi Kikoti alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Huyu amekufa ukurasa wa kumi na kitu," alisema. "Halafu huku mbele anaoa."

"Namba za kurasa zinafuatana, mzee," nikasema. Ilinichukua muda kulisema.

"Namba zinafuatana, mambo hayafuatani. Kipi kikubwa?"

"Labda ndivyo alivyoandika."

"Nani aandike hivyo, mlevi? Hawa wamekosea kiwandani, wakapiga namba juu ya makosa. Lete hapa."

Akaipanga. Utoto mbele, kisha harusi, kisha safari ya Makongolosi, kisha gambuti, kisha foleni zote za mashine pamoja, moja nyuma ya nyingine. Nilisema tena neno moja kuhusu kumsubiri mwenyewe, akaniambia daktari hasubiri mgonjwa aamke ndipo amtibu. Akashona, akapaka gundi. Na kwa sababu namba sasa zilirukaruka kama panzi na kumwaibisha, akaingiza kitabu kwenye mashine ya kukatia, akakata ukingo wa chini wote. Namba zote zikaenda. Vile vipande tulikuwa na kawaida ya kuwashia jiko. Kesho yake namba za Tupokigwe zilichemsha gundi ya Biblia ya mtu.

"Sasa kimenyooka," alisema Kikoti, akakipigapiga mgongoni.

Vijana wangu, fundi anayejua sana ni hatari kuliko asiyejua. Asiyejua huuliza.

Rehema alifika wiki iliyofuata, akafurahia jalada, akafungua akiwa amesimama. Nikaona uso unabadilika.

"Hii ya mbuzi siyo ya kwanza. Ya kwanza ni mashine." Akafunua mbele, akafunua zaidi. "Baba, nani amenichinjia kitabu?"

"Kilikuwa kimechanganywa, mwanangu. Nimekinyoosha."

"Nani alikwambia kimepinda?"

"Mtu afe kwanza aoe baadaye? Wewe unayesoma mpaka sita, hukuona?"

"Niliona! Ndiyo maana nilikuwa nasoma!" Akakaa kwenye kiti cha wateja. "Nina mtihani, baba. Na nusu ya mwisho sijaifikia. Sasa nitaijuaje ilikuwaje?"

Kikoti alitazama mashine yake ya kukatia kwa muda, kisha akatoka nje kuzungumza na Mama Jamila juu ya uzi ambao hatukuuhitaji.

Nikabaki mimi na mteja anayelia. Mimi sijui kumbembeleza mtu. Nikachukua wembe, nikakata mshono, nikafukiza mgongo kwa mvuke wa birika mpaka gundi ikalegea. Ndipo nikaona doa. Kona ya juu kulikuwa na doa la chai, kubwa kwenye ukurasa mmoja, dogo zaidi kwenye mwingine, linapungua hivyohivyo kama mtu anayeenda mbali barabarani.

"Dada, uliwahi kumwaga chai?"

Akafuta macho. "Mgahawani. Kitabu kilikuwa kimelala. Kwa juu, kwenye ule mwanzo."

Tukapanga kwa doa. Kubwa mbele, dogo nyuma. Muwe mnaangalia uchafu wa kitabu kabla ya kukishika, unajua mambo mengi. Lakini doa lilifika katikati likakauka. Nusu ya pili, ileile asiyoisoma Rehema, ilikuwa safi. Hapo ilibidi kusoma.

Yeye alilala kwa shangazi yake Kihesa, akarudi kesho yake. Tulitandika sura zilizobaki juu ya meza, yeye akasoma haraka, mimi nikasoma kwa kidole. Na ni yeye aliyegundua kwanza. Sura moja iliishia mkanda wa mashine ukipiga kelele, na nyingine ilianza na kelele za nguruwe anayechinjwa siku ya harusi. "Kaka, tazama," alisema. "Mkanda umelia, amejikuta harusini." Nyingine iliishia na unga ukimrukia mikononi, na nyingine ilianza na mikono ya mama yake ikimpaka majivu alipoungua. Harufu ya pumba ikaingia kwenye harufu ya zizi. Kila sura ilishika mkono wa mwenzake. Mwandishi hakuwa amelewa hata kidogo. Alikuwa anajalidi.

Hiyo ndiyo mnaiita mbinu rejeshi, mnaikariri, mnaipigia mstari kwa rula. Mnaisema kana kwamba Tupokigwe alikaa akaamua, sasa nirejee nyuma. Hakuamua chochote. Mama yangu akichambua maharage humwita kaka yangu alete maji. Kaka amekufa siku nyingi. Mama anajua. Ni mlio wa maharage kwenye sinia tu umempeleka. Akishaita hunyamaza, anaendelea kuchambua, nasi tunajifanya hatukusikia. Liandikeni hilo kwenye notisi yenu, muone litaingia namba ngapi.

Tukapanga mpaka zikabaki sura mbili. Na hapo tukakwama.

Katika moja, mashine inanguruma, mwenyewe anaita, "Nani anafuata?" Tupokigwe anasimama na debe lake, anasema, "Mimi," na mashine inazimwa kidogo, kimya. Katika nyingine, ni alfajiri ya zamani, Anganile ameshaaga kwenda Makongolosi, uani kimya, kisha zinasikika hatua zake zinarudi. Amesahau kofia. Anasimama mlangoni, anacheka, anasema, "Nipe kofia yangu." Hapo sura inakwisha, na nje kunaanza kunguruma gari linalomsubiri. Mnaona tatizo? Kimya cha mashine kinaingia kwenye kimya cha uani. Na mngurumo wa gari unaingia kwenye mngurumo wa mashine. Zinashikana pande zote mbili. Yoyote ingeweza kuwa ya mwisho, na namba zilikwisha kuwa majivu.

"Foleni ndiyo ya mwisho," alisema Rehema. "Kimeanza anauliza nani wa mwisho, kinaisha zamu yake imefika. Iko wazi."

Fundi Kikoti alikuwa amerudi, amekaa kwenye kigoda chake, ametununia. "Ya mwisho ni gambuti," alisema. "Mtu akifa hadithi imekwisha."

"Hiyo ya gambuti ina doa la chai, baba, ni ya pili. Usituchanganye tena."

"Haya. Mimi si fundi hapa. Mimi mgeni."

Wote wawili wakanitazama. Nilitamani niingie ndani ya ndoo ya gundi. Nikasema nikiangalia meza, "Mimi naona kofia. Tangu mwanzo tunajua amekufa, tumeziona gambuti zake. Akirudi mwisho kabisa, yuko mlangoni, anacheka, yeye hajui. Sisi tunajua." Nikaishia hapo. Nadhani hiyo ndiyo hotuba ndefu kuliko zote nilizowahi kutoa.

"Mtu aliyekufa harudi," alisema Kikoti. "Hata kwenye kitabu kuna adabu."

Rehema alizishika sura zote mbili, moja kila mkono, kama anayepima nyama. Ilikuwa riwaya yake na mtihani wake. Akikosea mwisho, na swali likaja hapo, hana pengine pa kuangalia. Alikaa hivyo mpaka birika likakauka.

"Jalidi kofia mwisho," aliniambia. "Ukiwa umenidanganya, nitakufuata popote ulipo."

Kikoti ndiye aliyeshona. Aliichukua sindano mkononi mwangu, akashona mpangilio asioukubali kwa mshono mzuri kuliko wote niliowahi kumwona akishona, na ukingo hakuugusa.

Siku kadhaa zilipita. Tulikuwa tunachemsha gundi, yeye anakoroga. Akasema bila kunitazama, "Yule jamaa. Alipewa kofia?"

"Kitabu hakisemi, mzee. Kinaishia anaiomba."

Akakoroga. "Si angekaa tu," alisema. "Kofia! Si angeona ni mkosi, akakaa tu."

Huyo ni mtu aliyekata namba kwa mashine, wala hakuwahi kukariri dhamira. Lakini ilimkaa rohoni akiwa anakoroga unga. Nyinyi mnaopewa kitabu kizima, kipya, chenye namba, mmetoka na "umaskini".

Rehema alirudi baada ya mtihani. Alisimama mlangoni pa Mama Jamila, hakuingia.

"Swali lilikuja," alisema. "Eleza jinsi mwisho wa riwaya unavyoibeba dhamira."

Nikauliza, "Umeandika nini?"

"Kofia. Kurasa tatu."

Alifaulu. Akaenda kusoma mbali, kitabu akaenda nacho, sijamwona tena. Mtasema basi, amefaulu, mwisho ulikuwa sahihi. Hamjui kitu. Nimeambiwa na mpishi wenu kwamba kuna waliofaulu riwaya hiyohiyo wakidhani Tupokigwe ni mwanamume. Kufaulu hakuniambii chochote. Mimi nataka kujua kama nilimwambia kweli mtu aliyeniamini.

Sasa shule yenu imeleta toleo jipya. Boksi lake nimeliona nikiwa mlangoni, chini ya meza ya mwalimu, limefunguliwa juu. Ningeweza kuingia na kuomba nitazame ukurasa mmoja. Nimefika mlangoni mara nyingi, nikageuka na gunia langu. Badala yake nimesimama jikoni muda mrefu kuliko viazi vinavyohitaji, nikisubiri mmoja wenu ataje mwisho. Mmetaja umaskini. Mmetaja ndoa za utotoni, ambazo hazimo. Mwisho hajautaja hata mmoja, na nimeanza kuamini kwamba hakuna aliyefika huko.

Kwa hiyo nawaomba mnijibu. Karatasi iliyochanwa daftarini inatosha, mpeni mpishi, Jumatatu naleta viazi. Dhamira msiniandikie, nimezisikia. Msimuulize mwalimu wala msitazame notisi. Fungueni kitabu chenyewe, msome kutoka mwanzo mpaka kiishe, kisha mniambie nani anakifunga. Kama ni mwanamke anayesema "Mimi" kwenye foleni, andikeni hivyo bila kunionea huruma, nitamtafuta Rehema nimwambie. Kama ni yule mwingine, andikeni neno moja tu, kofia.